Deni la Mtani

Katika mambo ambayo mwanadamu hawezi kujifanyia mwenyewe, hata awe na nguvu na mali kiasi gani, kuzikwa ni moja. Mfalme huweza kujivika taji kwa mikono yake, na tajiri huweza kujijengea kaburi la marumaru angali hai, lakini hapana aliyepata kujifukia. Kwa hiyo kila jamii, hata iliyo maskini wa kila kitu kingine, imelazimika kujibu swali hili: nani atamshika maiti? Jibu linalokuja mbele ya ulimi ni kwamba jamaa zake watamshika. Lakini jamaa ndio waliopigwa na msiba. Macho yao yamejaa machozi na mikono yao haina nguvu. Pengine ndio pia wanaotazamana kwa tuhuma, maana kifo huacha urithi, na urithi huacha maneno. Wazee wa nchi ya Kilosa walilijibu swali hili kwa namna ambayo mgeni huicheka kwanza na kuitafakari baadaye. Walisema maiti na ashikwe na yule mwenye ruhusa ya kututukana.

Huyo ndiye mtani. Neno hili limechakaa kwa kutumiwa. Magazeti ya michezo huandika kila msimu kwamba Simba na Yanga ni watani wa jadi, na wanasiasa hutaniana jukwaani ili watu wacheke kabla ya kuombwa kura. Sina ugomvi na matumizi hayo, kwa kuwa lugha ni kisima cha wote. Lakini msomaji aliyekulia mjini aweza kudhani kwamba utani ni mzaha tu, na kwamba mtani ni mtu mcheshi. Katika Ukaguru, Usagara na Uluguru utani ulikuwa jambo la koo kwanza, na ukoo huko huhesabiwa kwa upande wa mama. Ukoo fulani ulikuwa na watani wake katika ukoo fulani, na mtu alizaliwa nao kama alivyozaliwa na jina la ukoo wake. Mtani aliweza kukamata kuku uani mwako akaenda zake, nawe huna ruhusa ya kukunja uso. Aliweza kutaja upara wako, madeni yako na ulevi wa baba yako mbele ya wakwe zako. Mwenye kukasirika ndiye aliyeonekana mkosaji.

Siku ya msiba mtani alifika mapema. Alichimba kaburi, alimshika maiti, alifagia nyumba ya mauti ili watu waweze kulala ndani yake tena. Tena hakuacha utani wake. Aliingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Alivaa koti la marehemu akatembea kama marehemu alivyotembea, akakohoa kama alivyokohoa, akadai chakula kwa sauti yake, hata mjane ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana akacheka bila kupenda, na baada ya kucheka akaweza kula. Jambo hili lilifanyika katika sehemu nyingi za Tanzania, na mahali pengine lingali linafanyika, ijapokuwa limepungua sana.

Wataalamu wameandika juu yake. R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa elimu ya ndege huko Amani katika Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941. Mwaka mmoja kabla yake Radcliffe-Brown alikuwa amejaribu kueleza asili ya mahusiano ya namna hii ulimwenguni, akasema kwamba ni urafiki na upinzani vilivyofungwa pamoja, na kwamba mzaha ndio kamba. T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru katika miaka ya mwisho ya 1950, aliutazama utani wa Wakaguru kwa karibu zaidi na kuonyesha jinsi ulivyoshikamana na kifo na utakaso. Namheshimu kila mmoja wao. Lakini katika maelezo ya jumla kama yale ya Radcliffe-Brown naona upungufu: yanamtazama mtani anapocheka, yanasahau kumtazama anapochimba. Mzaha ulikuwa ni haki yake. Lipo pia deni lake, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi.

Deni hilo lilitoka wapi? Wazee hutaja chemchemi mbili, vita na safari. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, na wajukuu wa waliouana wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo waliunganishwa na njia ya misafara, mmoja akiwa mpagazi kutoka bara, mwingine mwenyeji wa nchi iliyo karibu na pwani. Walihitajiana, waliogopana, na mwishowe wakataniana. Kilosa iko juu ya njia za namna hiyo. Misafara ilipita katika mabonde ya Usagara muda mrefu kabla ya reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Watu wa bonde la Mkondoa walizoea kuwaona wageni wakipita, wakilala, wakiugua na kufa.

Sasa hebu tufikiri. Kwa nini kazi nzito kama hii apewe mtu ambaye babu yake alikuwa adui wa babu yangu? Akili ya kawaida ingesema apewe rafiki. Lakini rafiki ni mtu niliyemchagua, na nilichokichagua naweza kukiacha, naye vivyo hivyo. Mtani hakuchagua. Yeye hanirithi, kwa hiyo hana faida katika kifo changu. Hanilii kwa uchungu wa damu, kwa hiyo mikono yake haitetemeki. Kumbukumbu ya ugomvi wa kale haikufutwa wala haikufichwa, bali imegeuzwa kuwa tusi lisilouma, na mahali pa mkuki pakawekwa jembe. Zaidi ya hayo, deni lake halina mwisho. Akinizika mimi leo, watu wangu watamzika yeye kesho, na baada yake watoto wake, wala hapana siku ambayo mmoja atasema, tumelipana, tuachane. Deni linalolipika huwaunganisha watu mpaka siku ya malipo, na hili halikuwa na siku hiyo.

Thamani ya jambo hili ilionekana hasa katika mashamba ya mkonge. Kimamba, Rudewa na kandokando ya mji wa Kilosa yalilimwa mashamba makubwa, na manamba waliletwa kutoka Ubena, Ungoni, Unyamwezi, Burundi na ng'ambo ya Ruvuma. Mtu aliandikishwa kwa mkataba, akapewa kitambulisho cha kazi na chumba katika kambi, akakaa mbali na kila aliyemjua. Alipokufa kule, mwajiri alikuwa na kitabu cha kumfuta jina, lakini hakuwa na mtu wa kumlaza. Kwa manamba wengi utani ulikuwa ndio ukoo wa safarini. Palipokosekana ndugu alitafutwa mtani, naye hakuuliza jina la marehemu kabla ya kuuliza kabila lake. Mkonge uliporomoka baadaye, bei ilipoanguka kwa ajili ya kamba za plastiki na mashamba mengi yalipobadilishwa wenyewe baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wazee wa kambi wengi hawakurudi kwao. Makaburi yao yamo hapo hapo, na aghalabu yamechimbwa na watu wa makabila mengine.

Basi nyakati zimegeuka, na sidhani kwamba imekuwa hivyo kwa hila ya mtu yeyote. Dini ziliingia na mazishi yakawa na taratibu zake. Shehe, padri na mchungaji, ambao hawakubaliani katika mengi, walikubaliana kwamba mtu asilale kaburini akidai pesa. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na pamoja na machifu zikapungua nguvu za wazee wa koo waliokuwa wakijua nani ni mtani wa nani. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, na watu waliokuwa wamekaa kwa koo zao mabondeni na milimani wakapangwa kwa mistari. Aliyekuwa na mtani wake ng'ambo ya kijito akajikuta hana, na karibu naye akapewa jirani asiyemjua. Mafuriko ya Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwatoa wengi tena nyumbani mwao katika mji wa Kilosa na kuwaweka katika mahema. Kila mara watu walipohamishwa walibeba vyombo, magodoro na watoto, na pengine hati. Utani haubebeki kwa urahisi namna hiyo, kwa sababu haukai kwa mtu mmoja.

Badala yake tumeunda vyama vya kuzikana. Mahali pazuri pa kuvitazama ni Mikumi, mji ulio kusini katika wilaya hiyo hiyo, kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Wavidunda wa milimani ni wenyeji wa karibu, lakini mji wenyewe umekusanya watu wa kila upande: walioajiriwa katika Hifadhi ya Taifa tangu ilipoanzishwa mwaka 1964, waliokuja na reli ya kwenda Kidatu, wenye maduka na nyumba za wageni, madereva, mafundi wa magari na wauza nyama choma. Katika mji wa namna hii ukoo haukusaidii. Wakazi wamejiandikisha katika daftari, hutoa kiasi fulani kila mwezi, na mmoja wao anapofiwa huletwa turubai, viti, sufuria kubwa, unga na maharage, sanda au jeneza, na nauli ikiwa maiti anasafirishwa. Siku hizi michango hutumwa kwa simu, na mtu aliye Dar es Salaam huweza kuwahi kuliko jirani wa ukuta kwa ukuta.

Navisifu vyama hivi bila kusita. Vinafanya kazi kwa haki na kwa hesabu zilizo wazi, na mara nyingi wanawake ndio wenye kuviendesha. Chama hakimwibii mtu kuku. Tusijidanganye kwamba utani ulikuwa pepo iliyopotea. Wako watani waliotumia ruhusa yao kuwashika wanawake wasiotaka kushikwa, na mwanamke aliyelalamika akaambiwa kwamba hajui mila. Wako waliochukua mali ya yatima wakicheka. Wazee wanapousimulia utani huyapitia haya haraka, na msikilizaji mwangalifu atawaomba warudi nyuma kidogo.

Hata hivyo chama na utani vinaachana mahali pamoja penye uzito. Katika chama, aliyelipa amemaliza. Anaweza kutuma mchango wake asubuhi, akaendelea na biashara yake, wala hapana atakayemlaumu, kwa maana daftari linaonyesha kwamba ametimiza. Asiyelipa miezi mitatu jina lake hukatwa, na siku akifa wanachama hukutana kujadili kama wamhurumie. Watamhurumia, kwa kuwa watu wetu si wakatili. Lakini itakuwa ni huruma. Mtani hakuhurumia. Alikuja kwa sababu ni wajibu, hata kama marehemu alikuwa mchoyo, mlevi au mgomvi, na hayo yote aliyasema waziwazi juu ya kaburi lake huku akilifukia.

Swali hili lingeweza kubaki la wanazuoni peke yao kama Kilosa isingekuwa Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000, katika Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto wa upande wa wakulima. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena wilayani, na mwaka uliofuata mifugo mingi ikaondolewa kwa amri ya serikali. Sababu za ugomvi zimechunguzwa na watu wengi: ardhi iliyobanwa kati ya mashamba makubwa, hifadhi na vijiji, mifugo inayohitaji maji ya bondeni wakati wa kiangazi, mazao yaliyoliwa, malalamiko ya rushwa katika kesi zilizoamuliwa na zisizoamuliwa. Sina la kuongeza juu ya hayo. Ninachotaka kukitazama ni jambo moja ambalo wachunguzi hulipita upesi, yaani kwamba wauaji na waliouawa hawakuwa wageni wao kwa wao.

Wafugaji wa Kimasai wanaoitwa Waparakuyo, au Wabaraguyu, walikuwa jirani wa Wakaguru muda mrefu kabla ya Uhuru. Beidelman aliwaandika wote wawili. Walibadilishana maziwa na nafaka, walikutana magulioni, walijuana kwa majina na kwa ng'ombe. Waliibiana pia na kulipizana, hata vijana wa Kikaguru wakaunda umoja wao, ulioitwa Umwano, ili kujikinga nao. Palikuwako ujirani na biashara, na uadui wa kutosha; kila kitu ambacho kati ya Wangoni na Wahehe kilizaa utani kilikuwapo. Lakini utani wa kuzikana sioni kwamba ulikua. Labda desturi za mauti zilitofautiana mno, maana zamani Wamasai hawakuwa wakiwazika watu wote. Labda serikali ya kikoloni, kwa kumweka kila mmoja chini ya mamlaka ya kabila lake, iliwanyima nafasi ya kumaliza ugomvi wao wenyewe. Au labda ugomvi haukupata kumalizika, na utani hauoti juu ya vita vinavyoendelea. Mimi naelekea kwenye sababu hii ya mwisho.

Tumejaribu kuuponya ugomvi huo kwa karatasi, na karatasi ina historia yake katika wilaya hii. Msowero, ambako kila mtoto wa shule wa Tanzania hujifunza kwamba Mangungo alitia alama yake katika mkataba wa Karl Peters mwaka 1884, imo Kilosa. Mkataba ule ulijiita mkataba wa urafiki wa milele. Haikupita miezi minne, mwanzoni mwa 1885, ukawa sehemu ya msingi wa hati ya mfalme wa Ujerumani ya kuitawala nchi. Siutaji ili kusema kwamba kila karatasi ni udanganyifu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitungwa na watu wetu wenyewe kwa nia njema, na Baraza la Ardhi la Kijiji ililoliunda, lenye wajumbe saba ambao watatu wao sharti wawe wanawake, ni chombo cha busara. Kazi yake ni kusuluhisha, wala halina nguvu ya kumlazimisha mtu akubali suluhu. Huweza kusema mpaka upite hapa na njia ya ng'ombe ipite pale. Likisema vizuri na likasikilizwa, watu hawatauana. Lakini mpaka, hata uliochorwa kwa haki, humwambia kila mmoja abaki upande wake. Haumpi mtu wa upande huu wajibu wowote juu ya mauti ya yule wa upande wa pili.

Je, wajibu wa namna hiyo waweza kuundwa kwa makusudi? Wako wanaosema kwamba mila haziundwi, hukua tu kama mikumi. Sikubaliani nao kabisa. Utani wa Wangoni na Wahehe haukuwako siku moja, na siku nyingine ulikuwako. Kati ya siku hizo mbili lazima palikuwa na mtu wa kwanza aliyemtupia adui wake wa jana tusi badala ya mkuki, na adui huyo, ambaye angeweza kukasirika kwa haki, akacheka. Wote wawili walijihatarisha. Hawakutumwa na ofisi. Wakati huo huo wasingeweza kufanya hivyo kabla silaha hazijawekwa chini, na nani alaze wapi mifugo yake haijajulikana. Kwa hiyo siwadharau watu wa mabaraza na wapimaji wa ardhi. Kazi yao ndiyo inayompa mtu wa kwanza nafasi ya kutania. Ninachokikataa ni imani, iliyoenea sana katika semina na warsha, kwamba kazi yao ikiisha basi amani imekamilika. Mahakama hugawanya haki, na haki iliyogawanywa sawasawa huwaacha watu wawili wasiodaiana kitu.

Tusidhani kwamba mambo haya yanangoja Rudewa peke yake. Leo treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, hupita katika mahandaki ya milima ya Kilosa, na abiria huliona bonde la Mkondoa kwa dakika chache tu. Vijana wa Kimasai ambao baba zao walikuwa na ng'ombe hulinda maduka na nyumba za wageni usiku, katika miji mingi ya nchi hii, Mikumi ikiwa mojawapo. Hulala barazani, hunywa chai katika mgahawa ule ule, huitwa kwa jina la kabila zima kana kwamba hawana majina. Wenye maduka huwaamini kwa mali yao yote. Katika daftari la chama cha kuzikana aghalabu hawamo, kwa kuwa hawana nyumba katika mtaa na hesabu hufanywa kwa kaya.

Na tuseme mmoja wao amekutwa amekufa alfajiri, kwa homa au kwa gari lililoacha njia. Simu yake imefungwa kwa namba asiyoijua mtu. Kwao ni mbali, na jua la Mikumi ni kali. Mwenyekiti wa mtaa amelifungua daftari akalifunga, na watu wachache wamesimama barazani wakimtazama. Mmoja wao ni mzee wa Kikaguru aliyehamia kutoka upande wa Rudewa, mwenye jembe nyumbani. Mchango hakuna wa kuudai, na sheria haimtaji. Hapo mzee huyo atakuwa na mambo mawili ya kuyapima kabla ya saa nne: analokumbuka, na hilo lililolazwa mbele yake juu ya mkeka.